Kwa nini hovabodi inayojisawazisha yenyewe humwangusha anayejifunza

Juni 2003, Rais George W. Bush wa Marekani alipanda Segway, chombo cha umeme chenye mpini na magurudumu mawili yaliyo ubavu kwa ubavu, akiwa mapumzikoni kwa wazazi wake huko Kennebunkport, jimbo la Maine. Hakufika mbali. Chombo kilipindukia mbele, naye akajirusha na kutua kwa miguu bila kuumia. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalikuwa kwamba mashine haikuwa imewashwa.

Naanza na tukio hilo kwa sababu wazazi wengi wanaomnunulia mtoto hovabodi, ubao wa umeme wa magurudumu mawili usio na mpini, hudhani uthabiti wake umo kwenye umbo lake. Haumo. Baiskeli ya magurudumu matatu itasimama hata ikiachwa uani usiku kucha. Segway, hovabodi na lile gurudumu moja la umeme linalopandwa kwa kuweka mguu huku na huku havina msimamo wowote vikizimwa. Kinachomweka mtu wima ni kazi inayofanywa na mota kila wakati, kwa umeme wa betri. Kazi hiyo ikikatika kwa nusu sekunde, mtu yuko chini.

Ukilielewa hilo, karibu kila onyo linaloandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo linapata sababu yake, na huhitaji kulikariri. Ndiyo maana nataka tuanze na mashine kabla ya kufika kwenye helmeti.

Kinachotokea chini ya miguu yako

Weka fimbo wima juu ya kiganja. Ikianza kuinamia mbele, mkono unakimbilia mbele ili kitako cha fimbo kiwahi kufika chini ya kichwa chake. Ikiinamia nyuma, mkono unarudi. Hapo wewe ndiye fimbo, na magurudumu ndiyo kiganja. Ndani ya ubao mna vihisi vidogo, jairoskopu na vipima mchapuko, vinavyopima ubao umeinama kiasi gani na unainama kwa kasi gani. Kompyuta ndogo inapokea vipimo hivyo na kuamuru mota, mara nyingi sana kwa sekunde. Segway ya kwanza, aliyoizindua mvumbuzi Dean Kamen Desemba 2001, ilielezwa kuwa inapima mara 100 kila sekunde.

Kwa hiyo hakuna kitufe cha kwenda wala breki ya mkono. Ukiinama mbele, mashine inaona unaanguka, na inakwenda mbele kukuwahi. Hovabodi ina jambo la ziada: imegawanyika katikati, na kila nusu ina vihisi vyake na mota yake. Mguu wa kulia ukibonyeza vidole na wa kushoto ukibaki tambarare, nusu moja inakwenda na nyingine inasubiri, ubao unageuka. Chini ya kila mkeka wa mpira mna swichi zinazoiambia mashine kwamba mguu upo.

Sasa hapa ndipo mwanafunzi anapokwama. Kwa mashine, hakuna tofauti kati ya kuinama kwa kutaka kwenda na kuinama kwa hofu. Ukiangalia miguu yako, kichwa na mabega vinakwenda mbele, nayo inakwenda. Ukishtuka ukajitupa nyuma, inakwenda nyuma kwa kasi ileile ya mshtuko wako. Ukikaza misuli ya miguu, ubao unaanza kutetemeka mbele-nyuma, kwa kuwa wewe unasahihisha na yenyewe inasahihisha, na masahihisho yenu hayakutani kwa wakati mmoja. Wengi huona mtetemo huo wakadhani kifaa ni kibovu. Mara nyingi ni kizima. Legeza magoti, vuta pumzi, tazama mbali, na mtetemo unapungua wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo waendesha baiskeli huwa hawalitarajii: mashine hizi haziwezi kusimama ghafla. Ili upunguze mwendo lazima uegemee nyuma, na ili uegemee nyuma bila kuanguka chali lazima magurudumu kwanza yakutangulie kidogo. Yaani kabla ya kupunguza kasi, kifaa hutangulia mbele yako. Ukiwa mwendo wa miguu huoni kitu. Ukiwa kilomita 12 kwa saa unapita zaidi ya mita tatu kila sekunde, na mtu aliyejitokeza mlangoni hawezi kusubiri hesabu hiyo ikamilike.

Akiba ya nguvu

Kama ningepewa nafasi ya kumwambia anayeanza neno moja tu, ningemwambia habari ya akiba. Mota inayokuweka wima ndiyo hiyohiyo inayokupeleka. Ina kiwango cha juu cha nguvu. Ukiitumia yote kwa kwenda, haibaki ya kukurudisha wima pale unapoinama zaidi kidogo. Gari likifika mwisho wa nguvu zake haliongezi mwendo, basi. Hovabodi ikifika mwisho wa nguvu zake, magurudumu yanashindwa kukuwahi, pua ya ubao inagusa chini, na mwili unaendelea na safari peke yake.

Mwisho huo haukai mahali pamoja siku nzima. Betri ya hovabodi ya kawaida ni ya lithiamu, volti 36, yenye seli kumi zilizofuatana. Ikijaa inafika volti 42. Kadiri chaji inavyotumika volti zinashuka, na kasi ya juu kabisa ambayo mota inaweza kuizungusha inashuka pamoja nazo. Kasi uliyokwenda asubuhi kwa usalama, jioni betri ikiwa imebaki kidogo, inaweza kuwa ndiyo kikomo chenyewe. Mlima mdogo unakula akiba hiyo. Uzito unaozidi kipimo unaila. Tuta, ufa wa lami na jiwe vinaila kwa ghafla, tena wakati mbaya.

Septemba 2003 kampuni ya Segway ililazimika kuziita zirudi mashine zote ilizokuwa imeuza, takriban 6,000, kwa sababu hiyo hasa. Chaji ikiwa chini, mashine ingeweza kukosa nguvu za kumweka wima mtu aliyeongeza mwendo ghafla, aliyekutana na kizuizi, au aliyeendelea kwenda baada ya kuonywa kwamba betri imepungua. Dawa yake ilikuwa programu mpya. Programu nzuri, hata hivyo, haiongezi nguvu za betri. Inakuonya mapema tu.

Onyo lenyewe linakuja kwa namna mbili. Kuna mlio au taa nyekundu. Na kuna mashine zinazoinua pua ya ubao ili zikusukume nyuma upunguze. Anayeanza akihisi vidole vyake vinanyanyuliwa, silika yake ni kubonyeza chini na kushindana nao. Usishindane hata kidogo. Ubao unapokunyanyua vidole unakwambia akiba imekwisha. Rudisha nyonga nyuma taratibu, simama, shuka. Taa ya betri ikiwa nyekundu, shuka na ubebe mkononi au utembee nayo. Ni kilo kumi na kitu, si mzigo wa kumshinda mtu mzima.

Kanuni moja ninayoipenda, na ambayo wapandaji wa gurudumu moja la umeme wameishika kwa muda mrefu, ni kutokwenda kasi kuliko unavyoweza kukimbia. Mashine ikikuacha kwenye mwendo unaoumudu kwa miguu, unaweza kuchapua hatua mbili tatu ukasimama. Ikikuacha kwenye mwendo usiouweza, lami ndiyo itakayokusimamisha.

Somo la kwanza

Chagua mahali tambarare, pakavu, pasipo gari, ngazi wala ukingo. Uwanja wa saruji laini unafaa, na zulia nene au nyasi fupi zilizoshikana zinafaa zaidi kwa dakika za mwanzo kwa sababu zinapunguza papara za ubao. Vigae vya sebuleni vinateleza na kando yake kuna kona za meza. Kabla ya yote, ubao uwekwe sawasawa, uwashwe, na ujazwe chaji. Kama nusu moja inaonekana imelala tofauti na nyingine, au ubao unajigeuza bila kuguswa, kijitabu kitaeleza namna ya kuurekebisha ukiwa umelala mahali pa usawa. Fanya hivyo kabla mtu hajapanda.

Msaidizi asimame mbele ya mwanafunzi, ametandaza viganja juu, na mwanafunzi aweke vyake juu yake bila kung'ang'ania. Hili lina sababu. Mwanafunzi akimvuta msaidizi, mwili wake unaegemea nyuma na miguu inakwenda mbele. Ndivyo watu wanavyoanguka chali mikononi mwa wanaowapenda. Kushika ukuta au nguzo kuna tatizo hilohilo: mikono inabaki pale, ubao unaondoka.

Mguu wa kwanza uwekwe karibu na gurudumu, si katikati, kisigino na vidole vikiwa na uzito sawa. Mguu wa pili ufuate upesi bila kusitasita. Kusita ndiko kunakozaa mzunguko wa ghafla wa mwanzo: mtu anagusa kwa ncha ya vidole, nusu ile inaamini imeambiwa iende, na ubao unazunguka kama pia. Miguu yote ikishapanda, usifanye kitu. Kweli kabisa, simama tu. Tazama mbali, magoti yamelegea. Mzazi anayefundisha ana sentensi moja ya kurudia mpaka achoke: "Usiangalie miguu, mwanangu, angalia ule mwembe."

Baada ya kusimama ndipo kuja kwenda mita mbili na kusimama, mita mbili na kusimama. Mwendo unatoka kwenye nyayo na nyonga, si kwa kukunja kiuno. Ningependa mtu afanye mazoezi ya kusimama mara nyingi kuliko ya kwenda, kwa kuwa kwenda kunakuja bila kufundishwa. Kugeuka kunafuata: bonyeza kidogo vidole vya mguu mmoja, ukiwa polepole. Kona kali kwenye mwendo hutupa mwili nje, na kwenye hovabodi hakuna mpini wa kukuzuia.

Kushuka kunaumiza watu wengi kuliko kupanda. Simama kabisa kwanza. Kisha shukia nyuma, mguu mmoja kwa uamuzi mmoja, na wa pili ufuate. Ukishukia mbele, ncha za vidole ndizo za mwisho kuuacha ubao, zinaubonyeza, na unakuja kukugonga visigino. Ukishukia nyuma unabaki unauona mbele yako. Na usiruke kamwe ukiwa umepanda: miguu ikiacha swichi hewani, ubao hauna tena wa kumsawazisha, na ukitua hujui utakuta umelala vipi.

Kurudi nyuma ni kwa sentimita chache tu za kujipanga, tena ukijua kilichoko nyuma yako. Septemba 2010 mfanyabiashara Mwingereza Jimi Heselden, aliyekuwa amenunua kampuni ya Segway miezi kadhaa kabla, alifariki baada ya kuanguka ukingoni mwa mto Wharfe karibu na kijiji cha Boston Spa, akiwa juu ya Segway ya kwenda porini. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza kwamba huenda alikuwa akirudi nyuma kumpisha mtu aliyekuwa akitembeza mbwa. Ulikuwa uungwana wa kawaida kabisa. Njia ikiwa nyembamba, uungwana ufanyike kwa miguu: shuka, sogea, mpishe.

Njia zetu

Magurudumu ya hovabodi nyingi yana kipenyo cha inchi sita na nusu, kama sentimita 16. Gurudumu la udogo huo linasimamishwa na kitu ambacho baiskeli haikitambui: ukingo wa kabro uliozama, kifuniko cha mtaro, kokoto moja. Gurudumu likisimama, mwili hausimami. Mchanga ni mbaya kwa namna yake, hasa pale upande mmoja unapokanyaga kabro na mwingine mchanga. Gurudumu moja linateleza, jingine linashika, ubao unajizungusha kabla hujajua kilichotokea. Kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi vyote hivyo viko ndani ya mita hamsini. Uwanja wa shule siku ya mapumziko au eneo la ndani ya geti ni bora kuliko mtaa wowote, na barabara ya magari na bodaboda si mahali pa hovabodi hata kwa aliyebobea.

Hata njia laini inahitaji macho. Agosti 2015, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Beijing, Usain Bolt alikuwa akishangilia ushindi wa mita 200 wakati mpiga picha aliyekuwa akimfuata kwa Segway alipogonga reli ya pembeni, akaanguka na kumkumba kwa nyuma. Bolt aliinuka akiwa mzima. Yule alikuwa mtu wa kazi, kwenye uwanja wa kimataifa, macho yake yakiwa kwenye kamera. Mtoto anayejirekodi kwa simu akiwa juu ya ubao yuko kwenye hali hiyohiyo, na uwanja wake ni mbaya zaidi. Simu ibaki mfukoni, na masikio yabaki wazi.

Mvua ikianza, mchezo umekwisha. Maji hupenya kwenye swichi na mota, na mpira uliolowa hauwezi kushika vigae.

Mwili unapofika chini

Utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la Pediatrics ulikadiria kwamba mwaka 2015 na 2016 watoto 26,854 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya Marekani kwa majeraha ya hovabodi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 11, na sehemu iliyoumia zaidi ilikuwa kifundo cha mkono. Haishangazi. Ubao unatoka chini ghafla, mtu ananyoosha mikono, uzito wote unashukia kwenye viganja.

Kwa hiyo vikinga vya kifundo cha mkono, vile vyenye bamba gumu upande wa kiganja, si pambo. Watu hununua helmeti na pedi za magoti wakaacha hivi, na mimi naona ni kosa. Helmeti ni lazima, bila mjadala. Ya baiskeli au skuta ya miguu inatosha kwa mwendo wa hovabodi, mradi inakaa sawa juu ya paji la uso na mkanda umefungwa. Helmeti iliyorudi kisogoni hailindi pale uso unapotangulia. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli tambarare. Ukivaa ndala huwezi kuuhisi ubao.

Jifunze kuanguka ukiwa bado unakwenda polepole: kunja magoti ili ushuke chini kabla hujagusa, viwiko vilegee, geuza bega ujiviringishe. Akianguka kwa mkono na maumivu yakabaki kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, apelekwe hospitali hata kama hakuna uvimbe mkubwa. Mfupa mdogo wa pale ukivunjika unaweza usionekane kwenye eksirei ya kwanza, ndiyo maana daktari humwambia mgonjwa arudi baada ya siku kumi au wiki mbili. Arudi kweli.

Na watoto wasikalie ubao wala kuupigia magoti. Vidole vyao vinakuwa kando ya gurudumu, kwenye mwanya mwembamba kati yake na kifuniko, na mota hiyo haina huruma na kidole.

Kuhusu uzito: Segway ya mpini iliwekewa kima cha chini cha kilo 45, na hovabodi nyingi huandikiwa kilo 20. Mtoto mwepesi mno hawezi kuegemea kiasi cha kuisimamisha mashine, au swichi moja haimtambui kabisa, na ubao unapata amri ya mguu mmoja. Wala wawili wasipande pamoja. Mashine inasoma maelekeo ya watu wawili wasiokubaliana.

Betri

Hatari hii haimhitaji mtu awe juu ya ubao. Julai 2016 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa zaidi ya hovabodi 500,000 za kampuni kumi, baada ya taarifa zisizopungua 99 za betri kupata joto kupita kiasi, kutoa moshi, kuwaka au kulipuka. Machi 2017, mjini Harrisburg, Pennsylvania, moto uliohusishwa na hovabodi iliyokuwa ikichajiwa uliwaua watoto wawili. Kiwango cha usalama kiitwacho UL 2272 kilitungwa kwa ajili ya mfumo wa umeme wa vifaa hivi. Ukinunua mpya, tafuta alama hiyo kwenye kifaa chenyewe na si kwenye boksi peke yake, kwa kuwa boksi ni rahisi kuchapishwa.

Kwetu, hatari kubwa iko kwenye mtumba na kwenye chaja iliyopotea. Chaja ya hovabodi ya kawaida imeandikwa volti 42. Ya kompyuta ya mkononi ina nyingine, na ya baiskeli ya umeme huenda ina kubwa zaidi, hata kama tundu linaingia. Soma maandishi ya chaja na ya kifaa, yasipolingana, usichomeke. Fundi akibadilisha seli, mwulize kama ile bodi ndogo inayolinda seli zisijazwe kupita kiasi imerudishwa mahali pake, na asipoweza kukuonyesha, usiichukue.

Chaji mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango mnaotokea na mbali na magodoro. Subiri ubao upoe baada ya kuupanda juani. Ukijaa, chomoa. Ubao ulioanguka vibaya, ulioingia maji, au ambao tumbo lake limevimba, usichajiwe tena; uwekwe nje mbali na nyumba mpaka apatikane fundi wa betri za lithiamu. Ukiona moshi au ukisikia mlio wa kufukuta, usiubebe. Toeni watu, fungeni mlango nyuma yenu, mpigie simu Zimamoto. Tanzania ni 114, Kenya 999.